Sahihi ya Toscanini: Jina kubwa, faida nyembamba

MFANYABIASHARA anayefikiria kuweka fedha zake katika picha iliyotiwa sahihi na Arturo Toscanini, kiongozi wa okestra kutoka Italia aliyefariki dunia mwaka 1957, hana budi kujua jambo moja kabla ya kutoa hata senti. Katika soko hili ukubwa wa jina hauamui bei. Kinachoamua ni wingi wa sahihi alizoacha mhusika, ushahidi kwamba sahihi hiyo ni ya mkono wake, na pengo lililopo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia.

Biashara ya sahihi za watu mashuhuri ina masoko yake London, New York, Paris, Berlin na Vienna. Bidhaa zake ni barua, mikataba, programu za matamasha, nota za muziki zilizoandikwa kwa mkono, na picha. Kwa mwekezaji mdogo picha ndiyo mlango wa kuingilia. Bei yake ni ya kati, inatundikika ukutani, na hata asiyejua Kitaliano wala Kijerumani anaelewa anachokitazama.

Kwa msomaji asiyefuatilia muziki wa Ulaya wa aina hiyo, kiongozi wa okestra si kondakta wa daladala. Ni mtu anayesimama mbele ya wapiga ala 80 au 100 akiwa na kijiti mkononi, akiamua kasi, sauti na mwendo wa kila sehemu ya muziki. Yeye mwenyewe hapigi ala, lakini mara nyingi jina lake ndilo linalouza tiketi na sahani za santuri. Ndiyo maana mashabiki walimfuata mlangoni baada ya tamasha wakiwa na picha na kalamu, na ndiyo maana leo kuna soko la picha hizo.

UGAVI NI MKUBWA

Toscanini alizaliwa Parma tarehe 25 Machi, 1867, na akaanza kazi akiwa mpiga selo. Mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 19, kundi la opera alilosafiri nalo lilikwama kwa kukosa kiongozi mjini Rio de Janeiro, Brazil. Kijana huyo alishika kijiti na kuongoza opera ya "Aida" bila kutazama nota. Tamasha lake la mwisho mbele ya hadhara lilifanyika tarehe 4 Aprili, 1954, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Kati ya siku hizo mbili kuna karibu miaka 68 ya kazi.

Katika muda huo aliongoza jumba la opera la La Scala mjini Milan, akafanya kazi Metropolitan Opera ya New York kuanzia 1908 hadi 1915, akafuatia New York Philharmonic kati ya 1926 na 1936. Kuanzia 1937 hadi 1954 alisimama mbele ya NBC Symphony, okestra ambayo shirika la radio la Marekani liliiunda kwa ajili yake. Alizunguka Ulaya mwaka 1930, Amerika ya Kusini mwaka 1940, na miji mingi ya Marekani mwaka 1950. Kila alikopita kulikuwa na watu waliotaka sahihi.

Matokeo yake yanaonekana sokoni. Ugavi wa picha za Toscanini ni mkubwa, na hesabu yake ni ile ile ya nyanya. Malori yakiingia sokoni kwa pamoja, bei hushuka hata kama nyanya ni nzuri. Picha ya kawaida ya Toscanini yenye sahihi, isiyo na tarehe ya maana wala maneno ya ziada, kwa kawaida huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani, si kwa maelfu. Anayeambiwa alipe maelfu anapaswa kuuliza anacholipia zaidi ya jina.

Upande wa wanunuzi nao una mwelekeo wake. Wasikilizaji waliomsubiri Toscanini radioni kabla ya 1954 wengi wao wamekwisha kufariki dunia. Warithi wao wanapofungua makabati hukuta picha hizo na kuzipeleka mnadani. Kwa hiyo bidhaa inaendelea kuingia sokoni wakati wale walioipenda kwa sababu walimsikia mhusika akiwa hai wanapungua. Hilo halimaanishi kwamba soko limekufa. Linamaanisha kwamba mwenye picha ya kawaida asitegemee umri peke yake umpandishie bei.

MAHLER NA HESABU YA UHABA

Tofauti inaonekana wazi Toscanini anapolinganishwa na Gustav Mahler. Huyu naye kwa kazi iliyomlisha alikuwa kiongozi wa okestra. Aliongoza opera ya kifalme ya Vienna kuanzia 1897 hadi 1907, akaanza Metropolitan Opera tarehe 1 Januari, 1908, kisha akaiongoza New York Philharmonic kuanzia 1909. Yeye na Toscanini walikuwa katika jumba moja la Metropolitan kwa muda.

Lakini Mahler alifariki Mei 1911 akiwa na umri wa miaka 50 tu, kabla ya enzi ya radio, na hakuacha sahihi nyingi kwenye picha. Zaidi ya hapo alikuwa mtunzi. Kiongozi wa okestra akifariki anabaki katika santuri zake. Mtunzi akifariki, muziki wake huendelea kupigwa kila msimu, na kila msimu huzalisha wapenzi wapya. Picha ya Mahler yenye sahihi ya kweli ni bidhaa adimu, na bei yake huhesabiwa kwa maelfu.

Mfano mkubwa zaidi wa nguvu ya jina la Mahler ulionekana London tarehe 29 Novemba, 2016. Siku hiyo nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza nota za Simfoni ya Pili ya Mahler, zilizoandikwa kwa mkono wake, kwa zaidi ya pauni milioni 4.5 za Uingereza. Mwenye nota hizo alikuwa Gilbert Kaplan, mfanyabiashara wa New York aliyeanzisha jarida la fedha la Institutional Investor mwaka 1967. Kaplan aliipenda simfoni hiyo kiasi cha kujifunza kuiongoza akiwa mtu mzima, akaipiga mbele ya watu mwaka 1982, akanunua nota zenyewe miaka ya 1980, na mwaka 1995 akatoa kitabu cha picha za Mahler. Alifariki Januari 2016, karibu miezi 11 kabla ya mnada.

Somo kwa mfanyabiashara liko hapo. Kaplan alinunua kitu kimoja kisicho na ndugu duniani. Picha ya kawaida ya Toscanini ina ndugu wengi.

Kwa wengine hali ni hii. Herbert von Karajan, aliyeiongoza Berlin Philharmonic kuanzia miaka ya 1950 hadi 1989, na Leonard Bernstein wa New York, aliyefariki Oktoba 1990, walifanya kazi katika enzi ya televisheni na santuri za mamilioni. Walitia sahihi nyingi, na bei za picha zao za kawaida kwa jumla ni za chini. Wilhelm Furtwängler, aliyeshika Berlin Philharmonic mwaka 1922 na kufariki Novemba 1954, ana wanunuzi wanaomfuatilia kwa karibu, pamoja na mjadala mrefu kuhusu kubaki kwake Ujerumani wakati wa utawala wa Hitler. Carlos Kleiber, aliyefariki Julai 2004, alipanda jukwaani mara chache kuliko wenzake wote hawa na hakuwa na desturi ya kutoa mahojiano. Uchache huo wa kuonekana ndio unaowafanya wakusanyaji waitafute sahihi yake.

KINACHOPANDISHA BEI

Picha mbili za mtu mmoja, zenye sahihi ya kweli kila moja, zinaweza kutofautiana bei mara kadhaa. Wauzaji wazoefu hutazama mambo matano.

La kwanza ni tarehe na mahali. Toscanini ndiye aliyeongoza maonyesho ya kwanza kabisa ya "La bohème" ya Puccini mjini Turin tarehe 1 Februari, 1896, na ya "Turandot" katika La Scala tarehe 25 Aprili, 1926. Tarehe 14 Mei, 1931 alipigwa na wafuasi wa Mussolini nje ya ukumbi mjini Bologna baada ya kukataa kupiga wimbo wa chama chao. Desemba 1936 alikwenda Tel Aviv kuongoza tamasha la kwanza la okestra iliyoundwa na wanamuziki Wayahudi waliokuwa wakikimbia Ulaya. Tarehe 11 Mei, 1946 alirudi kufungua upya La Scala iliyobomolewa kwa mabomu ya vita. Picha iliyotiwa sahihi na kuandikwa tarehe inayoangukia siku kama hizo ina habari ndani yake, na habari hununuliwa.

La pili ni nota. Baadhi ya viongozi wa okestra waliandika mistari mitano na vipande vichache vya muziki chini ya picha, kisha wakatia sahihi. Picha ya namna hiyo huwa juu ya picha yenye jina tupu, kwa kuwa inaonyesha mkono wa mwanamuziki akifanya kazi yake.

La tatu ni maneno ya kutunukia. Picha iliyoandikwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana mara nyingi hupungua thamani, kwa sababu mnunuzi hapendi kutundika jina la mtu mwingine sebuleni kwake. Lakini aliyetunukiwa akiwa mwimbaji mkubwa, mtunzi au mpiga ala anayetambulika katika historia, bei hupanda, kwa kuwa karatasi moja imebeba majina mawili.

La nne ni aina ya picha. Zile za kale za studio, zilizobandikwa kwenye kadi ngumu na kuchapwa jina la mpiga picha, hutazamwa kwa jicho jema zaidi kuliko picha za magazeti. Ukubwa nao unahesabika, kwani postikadi ya sentimita 9 kwa 14 haifikii bei ya picha kubwa ya ukutani iliyo katika hali sawa na hiyo.

La tano ni hali ya picha. Wino uliofifia, kona zilizokatika, picha iliyopunguzwa kwa mkasi ili iingie kwenye fremu, au alama za gundi nyuma, vyote hukatwa kwenye bei. Sahihi iliyo kwenye sehemu nyeusi ya picha, isiyosomeka hadi ielekezwe kwenye taa, nayo hushusha bei.

KUKAGUA BANDIA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii kibaya hujitembeza kikiwa na cheti. Aprili 2000 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza hadharani operesheni iliyopewa jina Bullpen, iliyovunja mtandao wa kughushi sahihi za wanamichezo na watu mashuhuri huko California. Wapelelezi walikuta hata mipira ya besiboli yenye sahihi ya kughushi ya Mama Teresa. Bidhaa nyingi za mtandao huo zilikuwa na vyeti vya kuthibitisha uhalali wake. Cheti ni ahadi ya aliyekiandika tu. Aliyekiandika akiwa hajulikani, mnunuzi ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hata hivyo kuna vipimo ambavyo mnunuzi anaweza kuvifanya mwenyewe kabla ya kumwita mtaalamu.

Kipimo cha kwanza ni kalamu. Bolpeni iliingia katika maduka ya Marekani Oktoba 1945. Kwa hiyo picha ya Mahler yenye sahihi ya bolpeni haihitaji mjadala, na picha ya Toscanini inayodaiwa kutiwa sahihi mwaka 1926 kwa bolpeni ni hivyo hivyo. Maka peni ya ncha nyembamba iliingia sokoni miaka ya 1960, wakati Toscanini na Furtwängler wote walikuwa wamekwisha kufariki. Sahihi za kweli za wakati wao ni za kalamu ya wino, na mara nyingine penseli.

Kipimo cha pili ni karatasi. Kuanzia miaka ya 1950 watengenezaji wa karatasi za picha walieneza matumizi ya kemikali za kuongeza weupe. Kemikali hizo hung'aa rangi ya bluu chini ya taa ile ile ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia. Picha inayodaiwa kuwa ya 1908 ikiwaka bluu chini ya taa hiyo, imechapwa miongo mingi baadaye. Karatasi za picha zenye tabaka la plastiki zilienea miaka ya 1970. Toscanini hakuwahi kuzishika.

Kipimo cha tatu ni lenzi ya kukuzia. Kampuni za santuri na vituo vya radio zilisambaza picha ambazo sahihi yake ilichapwa pamoja na picha yenyewe. Hizo hazikuwa za kudanganya mtu, zilikuwa za matangazo, lakini mikononi mwa mjanja huuzwa kama sahihi ya mkono. Ukiinamisha picha kwenye mwanga, wino wa kalamu huonekana umelala juu ya karatasi na mng'ao wake ni tofauti. Sahihi iliyochapwa ina mng'ao ule ule wa picha nzima, na chini ya lenzi mara nyingi huonyesha vidoa vidogo vya uchapaji. Sahihi ya mhuri nayo hujulikana kwa wino uliojikusanya pembeni mwa mistari na kwa kukosa mkazo wa mkono.

Kipimo cha nne ni umri wa sura. Mghushi mvivu huandika tarehe ya tukio kubwa kwenye picha yoyote anayoipata. Sahihi ya 1926 juu ya picha ya mzee wa miaka 80 aliye mbele ya vipaza sauti vya radio ni kosa ambalo mnunuzi makini hulitambua akiwa amesimama tu.

Vipimo hivi vinaweza kukataa, haviwezi kuthibitisha. Mghushi hodari hununua picha ya kweli ya zamani isiyo na sahihi, akatumia kalamu ya wino na kuandika taratibu. Hapo ndipo panapohitajika kulinganisha na sahihi zilizo kwenye barua na mikataba inayojulikana, na kufuatilia historia ya umiliki: nani aliipata, lini, wapi, na imepita mikono ya nani. Mali bila daftari huisha bila habari, na sahihi bila historia huuzwa kwa bei ya mashaka. Picha inayokuja na barua ya wakati ule, tiketi ya tamasha au bahasha yenye muhuri wa posta ina nguvu kuliko ile iliyotokea pasipojulikana.

HESABU YA NYUNDO

Wawekezaji wengi wapya huangukia hapa. Bei inayotangazwa nyundo inapogonga si bei anayolipa mnunuzi, wala si fedha anayopokea muuzaji. Tangu mwaka 1975 nyumba kubwa za mnada za London, Sotheby's na Christie's, zimekuwa zikimtoza mnunuzi ada juu ya bei ya nyundo. Ada hiyo ilianzia asilimia 10, na siku hizi katika nyumba nyingi iko juu ya asilimia 20. Muuzaji naye hukatwa kamisheni yake.

Chukua mfano wa hesabu tu. Picha inagongewa nyundo kwa pauni 400. Ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, analipa pauni 500. Bima na usafirishaji vikimgharimu pauni 30, picha imefika mkononi mwake kwa pauni 530. Siku anapotaka kuiuza katika mnada kama huo, na kamisheni ya muuzaji ni asilimia 15, nyundo inapaswa kugonga pauni 624 ili apate zile 530 alizotoa. Yaani bei ya nyundo inapaswa kupanda kutoka 400 hadi 624, ongezeko la asilimia 56, kabla hajapata faida hata ya pauni moja.

Bei ya picha ikipanda asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, itachukua zaidi ya miaka 9 kufikia hapo. Katika miaka hiyo yote picha haimletei chochote. Hisa hutoa gawio, nyumba hutoa kodi, ng'ombe hutoa maziwa. Picha iliyo ukutani haitoi kitu hadi siku inapouzwa, na siku hiyo lazima awepo mtu anayeitaka. Kwa mnunuzi anayepata kipato chake kwa shilingi kuna hatari nyingine juu ya hiyo, kwani ananunua kwa pauni au dola na kiwango cha kubadilishia fedha hakimngoji.

SOMO LA PARIS

Wapo wanaodhani hatari ya biashara hii ni bandia peke yake. Yaliyotokea Ufaransa yanaonyesha vingine. Kampuni ya Aristophil, iliyoanzishwa mwaka 1990, ilinunua barua na miswada ya waandishi, wanasayansi na wanamuziki, kisha ikauza umiliki wake kwa watu wenye akiba ndogo na za kati. Wengi waliamini kwamba baada ya miaka 5 wangerudishiwa fedha zao pamoja na ongezeko la takriban asilimia 8 kwa mwaka. Watu wapatao 18,000 waliingiza kiasi kinachokaribia Euro milioni 850.

Novemba 2014 polisi walipekua ofisi zake, na mwaka 2015 kampuni ilianguka. Kuanzia Desemba 2017 hazina yake ilianza kuuzwa mnadani Paris awamu kwa awamu. Wawekezaji wengi waligundua kwamba soko lilikuwa tayari kulipa sehemu tu ya kile walicholipa wao. Mswada maarufu wa Marquis de Sade, ulionunuliwa mwaka 2014 kwa Euro milioni 7, ulichukuliwa na serikali ya Ufaransa mwaka 2021 kwa Euro milioni 4.55.

Jambo la kuzingatia ni kwamba karatasi hizo hazikuwa za kughushi. Sade ni Sade kweli. Tatizo lilikuwa bei. Thamani iliyoandikwa na anayekuuzia, bila mnada wa wazi wa kuipima, si thamani. Anayekuahidi kiwango maalumu cha faida kwa mwaka katika bidhaa isiyozalisha chochote anapaswa kuulizwa fedha hiyo itatoka wapi. Jibu likiwa ni mnunuzi anayefuata, mwenye akili hufunga pochi.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Pamoja na yote hayo, wapo wanaopata riziki katika soko hili. Wengi wao hawapati faida kwa kusubiri bei ipande. Wanaipata siku ya kununua. Hununua albamu nzima au boksi lenye vitu mchanganyiko kutoka kwenye mali ya marehemu, wakati warithi wanataka nyumba iwe tupu kabla ya mwisho wa mwezi. Kisha hutenganisha kitu kimoja kimoja, wakaandika maelezo sahihi na kumtafutia kila kimoja mnunuzi wake. Picha ya Toscanini iliyojificha kati ya programu za zamani na kadi za sikukuu ndiyo yenye faida. Ile iliyokwisha kuwekwa kwenye katalogi yenye rangi imeshafaidiwa na mwingine.

Kwa anayeanza, ushauri wa sokoni ni mfupi. Linganisha bei za nyundo za miaka kadhaa iliyopita kwa picha zinazofanana, wala usitazame bei zilizoandikwa na wauzaji madukani, kwani kuandika bei si kuuza. Nunua kwa muuzaji anayekubali kwa maandishi kurudisha fedha iwapo sahihi itabainika kuwa si ya kweli, na soma ahadi hiyo ina muda gani. Omba picha ya upande wa nyuma, kwa kuwa mihuri ya studio na ya wapiga picha iko huko. Picha moja nzuri yenye tarehe na habari ina soko kuliko picha tano za kawaida zilizonunuliwa kwa fedha hiyo hiyo.

Aidha, kumiliki picha si kumiliki haki ya kuichapa. Hakimiliki kwa kawaida ni ya mpiga picha au warithi wake, kwa hiyo anayepanga kutengeneza kalenda au mabango kutokana na picha aliyonunua apate ushauri wa kisheria kwanza.

Utunzaji nao ni sehemu ya mtaji. Jua la dirishani hula wino, na unyevunyevu wa Pwani huleta ukungu. Picha isigusane na kioo cha fremu, kwani hunata na kuchanika inapotolewa. Iwekwe kwenye karatasi isiyo na asidi, mbali na mende na mchwa. Kuipeleka kwenye laminesheni kama watu wafanyavyo kwa vyeti vya shule ni kuifuta thamani kwa mkono wa mwenyewe. Kuipaka gundi au kuongezea wino pale sahihi ilipofifia ni hasara isiyorekebishika.

Kwa ujumla, picha ya Toscanini yenye sahihi ni mali halali yenye soko la kweli. Ila ni soko la watu wanaojua wanachonunua, na bei zake ni za wastani kwa sababu bidhaa ipo. Mpenzi wa muziki anayeinunua kwa bei ya nyundo na kuitundika nyumbani amepata thamani ya fedha yake tangu siku ya kwanza. Mwekezaji anayeinunua kwa bei ya dukani, akitumaini kuiuza mwakani kwa faida, ameanza safari akiwa nyuma kwa zaidi ya nusu ya bei ya nyundo. Mwenye mtaji mdogo aweke humo kiasi ambacho hatakihitaji kwa ada ya shule wala kwa mzigo wa dukani.